Hesabu ya Magunia Inatudanganya

Kuna imani iliyoota mizizi katika ofisi za kilimo, katika semina za wawekezaji na hata vijiweni, kwamba shamba la kisasa ni shamba la zao moja. Mahindi yawe mahindi matupu, mistari imenyooka, katikati pasionekane jani ambalo halikupandwa. Mkulima anayechanganya mahindi na kunde, maboga na mbaazi huyo bado yuko gizani, na bwana shamba akipita kwake hutikisa kichwa. Ukiuliza habari za nyuki, ndege, vyura na miti iliyokuwa hapo, unajibiwa kwa upole, kama mtoto aliyeuliza la kitoto, kwamba hayo ni mambo ya hifadhi. Serengeti ipo, Udzungwa ipo, Hifadhi ya Nyerere ipo. Wanyama wana kwao na mahindi yana kwao, tusichanganye madaftari.

Naomba tuyafungue madaftari hayo hayo. Nguvu yote ya imani hii imekaa juu ya kipimo kimoja, magunia kwa ekari, na kipimo hicho tangu mwanzo kiliwekwa kwa ajili ya zao moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, ila tumejaza ukurasa mmoja tukautangaza kuwa hesabu kamili.

Chukua ekari ya mahindi na mbaazi kule Babati. Mbegu zote mbili zinaingia ardhini kwa mvua zile zile. Mahindi yanakimbia, yanakomaa, yanavunwa. Mbaazi muda wote huo ni mche mwembamba uliojikunyata kivulini, hausumbui mtu. Mahindi yakishaondoka ndipo unapotanuka. Unakunywa unyevu uliobaki chini ambako mizizi ya mahindi haikufika, unachanua wakati wa kiangazi ambapo jirani mwenye mahindi matupu amebaki na mabua na ng'ombe wa watu wanaopita. Unaangusha majani yenye nitrojeni, unatoa punje, na mwisho shina lake linakwenda jikoni kuwa kuni. Lakini bwana takwimu alikuja wakati wa mahindi. Aliandika magunia, akaona yamepungua kidogo kuliko ya jirani, akafunga daftari na kupanda pikipiki yake. Mbaazi haimo. Kuni hazimo. Maua ya kiangazi waliyoyategemea nyuki hayakuwahi kuwa na safu yake.

Watafiti wanaopima kwa haki huuliza swali tofauti: ili upate kila ulichovuna katika ekari moja ya mseto, ungehitaji ekari ngapi za zao moja moja? Majaribio mengi yaliyokusanywa kutoka sehemu mbalimbali za dunia yanatoa jibu la wastani wa kati ya ekari 1.2 na 1.3. Maana yake yule anayeitwa mkulima wa kizamani anavuna katika ekari yake kile ambacho mwenzake wa kisasa angekihitajia ekari na robo. Kama tatizo letu kweli ni uhaba wa ardhi, mbona tunamkemea anayeitumia vizuri zaidi?

Tena kuna la bei. Agosti 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei huku ikaporomoka mpaka wengine wakaona heri waziache shambani. Aliyekuwa na mbaazi tupu alibaki na mbaazi tupu. Aliyezipanda ndani ya mahindi alikwishaweka ugali ghalani.

Hata hivyo hasara kubwa ya mizani hii haiko kwenye mbaazi wala kwenye kuni. Iko kwa viumbe ambao hakuna anayewapima kwa debe. Hapa ndipo watetezi wa zao moja wanapojikwaa vibaya, kwa sababu wanaamini shamba lililosafishwa limebaki na zao peke yake. Halijabaki peke yake hata siku moja. Zao moja halifukuzi viumbe shambani, linawachagua: linamwita kila anayelila zao hilo na kumwondoa kila anayemla huyo mlaji.

Mwaka 1973 Richard Root wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha matokeo ya utafiti alioufanya kwa mboga ambayo sisi tunaijua vizuri, sukuma wiki. Sehemu nyingine aliipanda tupu, kitalu kizima. Sehemu nyingine aliipanda kwa mstari mmoja uliozungukwa na majani ya porini. Wadudu waharibifu walijaa zaidi kwenye sukuma wiki tupu. Sababu ni nyepesi kueleweka hata bila maabara. Mdudu anayekula zao fulani hulitafuta kwa harufu na kwa macho. Likizungukwa na mengine anapotea njia, likiwa limetanda hadi upeo wa macho hana haja ya kutafuta. Akitaga hapa, watoto wake wataamkia mezani.

Na walinzi je? Nyigu mdogo kuliko punje ya mchele, yule anayetaga mayai yake ndani ya kiwavi na kumwua polepole, akishakuwa mkubwa anaishi kwa maji matamu ya maua. Mhindi hauna maji matamu. Una chavua tu. Shamba la mahindi lisilo na ua la kunde, la mgagani wala la gugu lolote ni jangwa kwa nyigu huyo. Buibui anataka pa kujificha. Sisimizi wanataka udongo usiopinduliwa kila mara. Chura anataka unyevu na kivuli. Tukiviondoa hivyo vyote kwa jina la usafi, tunabaki tumewaandalia viwavi karamu, tena bila mlinzi mlangoni.

Viwavijeshi vamizi ndio waliotufundisha somo hili kwa fimbo. Waligunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016, wakitokea Amerika, na katika muda wa miaka miwili hivi walikuwa wameshaenea karibu nchi zote zilizo kusini mwa Sahara. Walikuta nini? Bara lililojipanga kwa mahindi, msimu baada ya msimu. Jibu letu likawa bomba la mgongoni. Mkulima anapulizia asubuhi, lakini kiwavi yumo ndani kabisa ya moyo wa mhindi, amejifunika kwa kinyesi chake kilicho mfano wa unga wa mbao, na dawa inaishia kwenye majani ya juu anakotembea nyigu na buibui. Anayekufa kwanza ni rafiki. Wiki ya pili mkulima ananunua kichupa kingine. Wakulima wengine kwa akili zao wenyewe waliamua kutia mchanga au majivu kwenye moyo wa mmea, na nathubutu kusema mchanga ule ulikuwa na heshima zaidi kwa shamba kuliko kichupa.

Sasa tazama kilichotokea ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Pale Mbita, upande wa Kenya, taasisi ya icipe ikishirikiana na watafiti wa kilimo wa Kenya na wa Rothamsted, Uingereza, ilianzisha tangu miaka ya 1990 kilimo kinachoitwa vuta-sukuma. Katikati ya mistari ya mahindi inapandwa desmodiamu, jani la mikunde linalotambaa na kutoa harufu isiyopendwa na nondo wa kipekecha bua. Pembezoni yanapandwa matete au majani ya brakiaria ambayo nondo huyo anayapenda kuliko mahindi, akataga huko, na watoto wake wengi wasifike mbali. Anasukumwa huku, anavutwa kule. Desmodiamu hiyo hiyo inatoa mizizini kemikali inayoziamsha mbegu za kiduha, lile gugu chawi linalonyonya mahindi, na kuzifanya ziote mahali ambapo hazitapata mizizi ya kunyonya, zikafa. Juu ya hayo inatia nitrojeni ardhini na kulisha ng'ombe.

Viwavijeshi vamizi walipofika, watafiti walikwenda kwa wakulima 250 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa wakitumia mfumo huo katika maeneo makavu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha viwavi wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 ukilinganisha na mahindi matupu, na mavuno yalikuwa mara 2.7. Rudia kusoma tarakimu hiyo. Hapa hatuzungumzii kupoteza mavuno ili kumfurahisha ndege. Tunazungumzia mahindi karibu mara tatu kutoka kwenye shamba lenye mimea mitatu badala ya mmoja.

Wakati mwingine serikali zenyewe zimekiri jambo hili bila kulitangaza. Septemba 2011 ugonjwa hatari wa mahindi uliibuka katika eneo la Bomet, Kenya, ukaingia Tanzania mwaka uliofuata. Ni virusi vya aina mbili vinavyokutana ndani ya mmea mmoja. Majani yananyauka kuanzia pembeni, gunzi linatoka tupu. Hakuna dawa inayoponya virusi vya mmea. Ushauri wa wataalamu kwa wakulima ulikuwa upi? Acheni kupanda mahindi juu ya mahindi. Pandeni viazi, maharage, mboga, chochote kisicho cha jamii ya nafaka, mpaka virusi vikose pa kuishi. Yaani mwisho wa sayansi yote ya zao moja, tiba ikawa ni kuliacha zao moja.

Na zao moja halikai zao moja kwa muda mrefu. Huwa mbegu moja. Mwaka 1970 Wamarekani waligundua kwamba takriban asilimia 85 ya mahindi yao ya chotara yalikuwa na asili moja ya upande wa mama, kwa sababu ilirahisisha kazi ya makampuni ya mbegu. Kuvu mmoja wa majani alikutana na udhaifu uliokuwa ndani ya asili hiyo, na taifa lililokuwa na kila trekta na kila dawa likapoteza kama asilimia 15 ya mahindi yake yote katika msimu mmoja.

Kwetu tunao mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vikonyo elfu moja kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai ni 62. Kutokana na miche hiyo 62 zikazaliwa ekari na ekari za Tanga na Morogoro, mpaka mwaka 1964 nchi ikazalisha takriban tani 230,000. Wadudu hawakuuangusha mkonge. Uliangushwa na kamba za nailoni na maamuzi ya soko, na kufikia mwisho wa karne uzalishaji ulikuwa umebaki kama sehemu ya kumi. Nautaja kwa sababu wapo wanaodhani hatari ya zao moja ni ya wadudu tu na itatibika kwa dawa. Wilaya nzima iliyowekwa juu ya mmea mmoja huanguka kwa sababu yoyote ile itakayougusa mmea huo.

Niende sasa kwenye hoja yao iliyo nzito kweli, maana nyingine nilizozijibu ni nyepesi. Wanasema: tulime kwa nguvu zote kwenye eneo dogo ili msitu upone. Ukichanganya mazao na miti na maua utahitaji eneo kubwa zaidi, na eneo hilo utalitoa msituni. Hoja hii ina wanasayansi makini nyuma yake. Mwaka 2011 Ben Phalan, Andrew Balmford na wenzao walichapisha utafiti wa ndege na miti nchini Ghana na India, wakaonyesha kwamba aina nyingi za viumbe, hasa zile za asili ya msituni, hazipati nafuu katika shamba lililolegezwa. Zinautaka msitu wenyewe. Nakubali. Mbega mwekundu wa Udzungwa hataishi kwenye kunde wala hatalala juu ya mbaazi.

Lakini watafiti hao hao waliweka sharti ambalo wanasemina wetu hulimeza: mavuno makubwa yanaokoa msitu pale tu ambapo kuongeza mavuno kumefungwa kwa mkataba na kulinda msitu. Bila kamba hiyo, zao linalolipa huvuta watu, mitaji na matrekta kuelekea ardhi mpya. Bonde la Kilombero linaonyesha wazi. Miwa na mpunga wa bonde lile havikuwaacha tembo na njia zao. Njia walizotumia kupita kati ya Udzungwa na Selous ziliminywa na mashamba, nyingine zikazibwa kabisa. Nani aliyesaini kwamba kila tani ya ziada ya miwa itarudisha ekari moja ya mapito? Hakuna. Tukaambiwa tutoe bioanuwai shambani ili ipone porini, kisha shamba likaifuata huko huko porini.

Na hata pale hifadhi inapolindwa vizuri, haiwezi kufanya kazi ya shamba. Nyuki wa asali huruka kilomita chache. Nyuki wadogo wapweke, wanaochimba vitundu vyao ardhini au kwenye vijiti vikavu, wengi wao hawatoki nje ya mita mia kadhaa. Ua la kike la boga linafunguka alfajiri moja tu, na kabla ya adhuhuri limejifunga. Asipokuja mdudu na chavua kutoka ua la kiume, kiboga kile kinageuka njano na kuanguka. Serengeti haina msaada wowote kwa boga la Dumila saa mbili asubuhi.

Mtetezi wa mahindi atacheka: mahindi yanachavushwa na upepo, nyuki wa nini? Ni kweli, na hicho ndicho kinachomficha kosa. Mpunga, ngano na mahindi havihitaji mdudu, kwa hiyo mwenye mahindi anaweza kuwaua nyuki wote wa kijiji na asione punje moja imepungua. Hasara inaonekana kwa jirani: kwenye alizeti, kwenye tikiti maji, kwenye matango, kwenye mizinga ya wazee. Kati ya mazao 115 makuu ya chakula duniani, 87 yanapata faida kutoka kwa wachavushaji. Nafaka chache zisizowahitaji ndizo zinazoandika sera.

Chini ya ardhi nako ni vivyo hivyo. Sisi mchwa tunamjua kama mwizi wa nguzo za nyumba, wala simtetei kwa hilo. Lakini huko Australia ya Magharibi, katika nchi kame, watafiti walilinganisha mashamba ya ngano yenye sisimizi na mchwa na yale ambamo waliondolewa kwa dawa. Penye wadudu hao mavuno yalikuwa juu kwa asilimia 36, kwa sababu mashimo yao yaliingiza maji ardhini na mchwa waliongeza nitrojeni. Wakulima wa mahindi wa kaskazini mwa Bonde la Ufa, Kenya, wamekwenda njia nyingine: mahindi kila mwaka, mbolea ya kupandia ile ile kila mwaka, mpaka udongo ukawa chachu na sasa wanashauriwa kununua chokaa ili kuurekebisha. Kila kazi iliyofanywa bure na viumbe inarudi kuwa bidhaa dukani, na kwenye daftari la magunia haionekani kama hasara, inaonekana kama pembejeo za kisasa.

Wanasema pia kwamba mseto ni ukulima wa wachache walio na ardhi tele. Basi na waende Kilimanjaro, mahali ambapo ardhi ni ya kugombaniwa. Kihamba cha Mchagga, yaani shamba linalozunguka nyumba yake, kinaanzia mpakani, kwenye mstari wa masale ambao hakuna mwenye adabu anayeung'oa. Ndani yake juu kabisa kuna miringaringa na migrevilea, chini yake migomba, chini ya migomba mikahawa, chini ya mikahawa magimbi na maharage. Mfereji unapita pembeni, ng'ombe wako bandani, samadi inarudi mgombani. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp aliyeichunguza miteremko hiyo alihesabu katika vihamba zaidi ya aina 500 za mimea, na zaidi ya 400 kati ya hizo hakuna aliyezipanda. Zilikuja zenyewe zikaachwa. Hizo zote zinaishi katika moja ya sehemu zenye watu wengi zaidi vijijini Tanzania.

Watafiti wengine walifunika matawi ya mikahawa ya mlima huo kwa nyavu, popo na ndege wasifike, na maua mengine nyuki wasiyafikie. Ilionekana kwamba ndege, popo na walaji wengine wa wadudu waliongeza idadi ya matunda yanayoshika kwa asilimia 9, na uchavushaji uliongeza uzito wa tunda kwa asilimia 7. Mimi ningependa wangesema mashamba makubwa ya kahawa ya juani yalikosa huduma hiyo. Hawakusema. Yalikuwa yakiipata, na maelezo yao ni kwamba mazingira yanayoyazunguka mashamba hayo bado yamechanganyika. Kwa hiyo shamba kubwa lililosafishwa linafanya kazi kwa nyuki na popo waliolelewa na vihamba vya majirani, na halilipi hata senti ya kodi ya malezi.

Shuka sasa tambarare kwenye mashamba ya chini ya familia zile zile. Mahindi, labda alizeti, jua. Hapo utaona kitu ambacho hakihitaji profesa. Wakati wa palizi mwanamke anayepalilia kwa jembe la mkono huwa na kikapu. Anaukwepa mnavu, anauacha mgagani ukue, anachuma mlenda na mchicha pori. Mboga ya jioni inatoka kwenye yale yale yanayoitwa magugu. Ikija dawa ya kuua majani, kazi ya siku nne inakuwa ya asubuhi moja, na hilo ni jema kubwa kwa mgongo wake, sitalikejeli. Ila kikapu kinarudi kitupu. Kesho yake mboga inanunuliwa genge la jirani, fungu shilingi kadhaa, na kama hela hakuna ugali unaliwa kwa chumvi. Katika takwimu za wilaya familia ile imepanda daraja: mavuno yameongezeka. Kwenye sahani imeshuka.

Hapo nikubali yanayostahili kukubaliwa. Mseto una kazi nyingi, na vijana wanaondoka. Mashine ya kuvuna ngano ya Hanang haiwezi kupita katikati ya mbaazi. Vihamba vyenyewe viko mashakani: bei ya kahawa imewachosha watu, miti inakatwa kwa mbao, migomba inapisha nyumba za kupanga. Simwambii mwenye hekta elfu mbili apande kila kitu kila mahali. Namwambia abadilishe mazao msimu kwa msimu, aache ukanda wa maua na vichaka kando ya shamba, aache miti kwenye kingo za mito, apande mistari mipana ya mazao mawili ambayo mashine yake inaweza kuipita moja moja. Hayo yanawezekana bila kuuza trekta. Asiyetaka hata hayo tusimwite wa kisasa, tumwite mvivu.

Historia yetu inao wa kisasa wengine. Mwaka 1947 Waingereza waliingia Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea, wakilenga ekari zaidi ya milioni tatu za karanga. Walileta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakang'oa pori bila kuuliza kwa nini Wagogo walipanda mtama na uwele, wala kwa nini waliacha sehemu fulani. Udongo wa Kongwa ukikauka unagoma hata kwa plau, na mvua ya Kongwa haina ahadi. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, paundi milioni 36 zikiwa zimeteketea. Sidai zao moja peke yake ndilo lililoua mradi ule. Papara na kiburi vilitosha. Nadai kwamba kiburi kile bado kinatembea, kinavaa kofia ya mradi na kubeba tableti, na swali lake la kwanza bado ni ekari ngapi zimesafishwa.

Ruzuku ya mbolea ilirudi Tanzania msimu wa 2022/2023, na mkulima anayeipata haulizwi kama atapanda kunde au mbaazi pamoja na mahindi yake. Hapo ndipo pa kuanzia. Mfuko wa mbolea uende na kilo mbili za mbegu za mikunde. Mitaala ya vyuo vya kilimo iwafundishe maafisa ugani kumtambua nyigu wa viwavi kama wanavyomtambua kiwavi. Na nyinyi maafisa ugani, ombi langu ni moja: msimu ujao chagueni mashamba mawili yanayopakana, la mahindi matupu na la mseto. Pimeni kila kilichotoka, mahindi, kunde, majani ya maboga, mnavu, malisho na kuni. Toeni kila kilichonunuliwa, dawa, mbolea, chokaa na kibarua wa kupulizia. Fanyeni hivyo miaka mitano, ukiwemo mwaka wa ukame na mwaka wa viwavi, kisha bandikeni matokeo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji watu wayasome. Kabla ya hapo hakuna mwenye haki ya kumwambia mkulima ang'oe kunde zake.